Pikipiki na Firimbi ya Bendera

Kazi niliyoitaka ilikuwa na magurudumu mawili, na mimi nilikuwa sijawahi kukaa juu ya hata moja. Ilikuwa kazi ya moniteri wa mpunga: kuzunguka vijiji vya njia ya Niemba, kuwaonyesha wakulima jinsi ya kupanda kwa mistari, kisha kurudi Kalemie kumwambia mkubwa kwamba wakulima wameikataa mistari. Miaka ile ya Zaire watu wengi walitaka kazi ya biro, ya kukaa kivulini na kugonga muhuri. Mimi nilitaka hii. Mchana nilikuwa nabeba magunia bandarini, na shingo yangu ilikuwa imeanza kuingia mwilini kama ya kobe. Mwaka mmoja tena ningekuwa navaa kofia mabegani. Jioni nilisoma. Nilimaliza masomo ya jioni pamoja na makarani wazee, polisi mmoja aliyejua kusinzia wima, na mama muuza mikate aliyetushinda wote kwa hesabu. Siku tuliyopewa vyeti nilitoka shuleni hadi nyumbani miguu yangu haijagusa chini.

Mkubwa wa ule mradi wa mpunga alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye abakosi, ile koti isiyo na tai ya wakubwa wa Zaire, ya rangi ya majani makavu, na alikuwa na tabia ya kukuuliza swali huku anatazama dirishani, kama vile jibu litapita njiani. Alikisoma cheti changu, akakisifu, akatazama nje, akaniita raia kwa Kifaransa, kama Serikali ilivyotaka tuitane.

"Sitwayen, pikipiki unajua?"

"Ninajifunza, Sitwayen Direkta."

Ilikuwa kweli kabisa. Nilikuwa nimeanza kujifunza dakika ile ile, kwa mawazo.

"Basi vizuri. Pikipiki ya mradi inakuja na treni kutoka Lubumbashi. Siku itafika, utanibeba mimi mwenyewe mpaka kwenye daraja la Lukuga, na utanirudisha. Nikirudi na meno yangu yote, kazi ni yako. Nikirudi na pengo, kuna kijana mwenye diploma ya Serikali anangojea pale nje kwenye benchi."

Nikamwona yule kijana nilipotoka. Alikuwa amekaa vizuri, suruali imepigwa pasi hadi inakata upepo.

Wanaoijua treni yetu ya wakati ule wataelewa kwa nini nilitoka pale nikiwa na furaha. Treni ile ilikuwa inaondoka Lubumbashi siku inayojulikana, inafika Kalemie siku ya Mungu. Watoto walizaliwa ndani yake, wakaachishwa ziwa, wakashuka stesheni wakitembea na kuuliza bei ya samaki. Katika mji mzima nilikuwa mtu pekee aliyeiombea ichelewe zaidi.

Mke wangu yeye hakungojea treni. Ugali haujaiva, kartie nzima, mtaa wote, ilikuwa inajua. Kwenye bomba la maji jirani mmoja alimuuliza, "Kumbe mume wako atakuwa anabeba magunia na pikipiki?" Mke wangu akajibu, "Gunia gani tena, mama? Magunia watabeba waume zenu." Nilipoambiwa maneno hayo nilikaa chini. Kuanguka pikipiki ni jambo moja. Kuanguka pikipiki halafu mke wako akakosa bomba la kuchotea maji, hilo ni jambo lingine.

Nikaenda kwa shemeji.

Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa amemwendesha mtu mkubwa kwa miaka mingi, na mtu huyo alipohamishwa Kinshasa alimwachia pikipiki kama zawadi. Ilikaa uani kwake chini ya kitenge cha sikukuu. Iling'aa. Ndege hawakuthubutu kupita juu yake. Ila haikuwa na esansi, yaani petroli. Miezi ile esansi ilipatikana kwa watu waliojuana na watu, na yule aliyemjua shemeji alikuwa sasa Kinshasa. Kwa hiyo pikipiki ilisimama juu ya bekiyi yake, ule mguu wa chuma wa kuiegemeza, gurudumu la nyuma halijagusa ardhi tangu mvua za mwaka uliopita.

"Esansi si shida," shemeji aliniambia, akivaa glovu nyeupe na miwani nyeusi. "Pikipiki ni jambo la kichwa. Panda."

Nikapanda. Hapo ndipo yalipoanza masomo ambayo chuo kikuu chochote kingeona haya kuyakosa. Shemeji alisimama mbele yangu na fimbo ya kuonyeshea. Alinifundisha historia ya gurudumu. Alinifundisha namna ya kushika gazi, kile kishikio cha mkono wa kulia cha kuongeza mwendo, "kama unashika mukono wa mukwe wako: kwa heshima, lakini usiachilie." Alinifundisha ambreyaji, kile kishikio cha mkono wa kushoto, unakivuta, unabadili vitesi, yaani gia, kwa mguu, unakiachia taratibu. Na kwa kuwa mashine ilikuwa kimya, sauti ilibidi niitoe mimi.

"Vitesi ya kwanza," angesema.

Ningenguruma kwa mdomo.

"Ya pili."

Ningenguruma kwa sauti ya juu kidogo.

"Hapana. Hiyo ni ng'ombe. Mimi nilisema ya pili."

Tulisafiri hivyo kila jioni. Mama mkwe akipita na sinia la mihogo alikuwa akiuliza, "Mumefika wapi leo?" na shemeji anamjibu bila kugeuka, "Tumepita Niemba, mama. Barabara ni mbaya sana." Kwa hesabu yangu, katika majuma yale nilifika Kongolo, nikafika Kindu, nikateremka hadi Moba kwa njia ya milimani ambayo hata mbuzi wanaiendea kwa sala, na nilirudi salama mara zote. Midomo yangu ilikuwa imepasuka kwa kunguruma. Nilijua kupiga kona, nilijua kukwepa ng'ombe, nilijua kuinua kidevu nikipita mbele ya askari.

Kitu kimoja hakikuonekana na mtu yeyote, wala na mimi. Safari zetu zote ziliisha kwa namna moja: dada wa shemeji, yaani mke wangu, au mke wa shemeji, mmoja wao aliita kwamba chakula tayari, na sisi tukashuka. Hatukusimama hata siku moja. Tulishuka tu.

"Shemeji," aliniambia mwishoni, akinishika mkono kwa glovu, "umeiva."

Treni ilisemekana iko Kabalo. Nikaona ni wakati wa kutafuta esansi kidogo, ili kile kilichoiva kionjwe.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa mwenzangu wa magunia pale bandarini. Alikuwa amefanya kazi Bujumbura muda mfupi, akarudi na suruali pana na maoni juu ya kila kitu. Yeye alipata esansi kutoka kwa mabaharia wa meli ya Kigoma, kidogo ndani ya bidoni, dumu la plastiki, na alisema atanifundisha kwa siku moja, kwa sababu siku ya pili ana shughuli. Shemeji alikubali kutuazima pikipiki baada ya kuibusu, sisemi uongo, juu ya tangi.

Mwenzangu alikaa nyuma yangu. Ilikuwa kama kubebwa mgongoni na mhubiri.

"Gazi," alinipigia kelele sikioni. "Ongeza gazi. Pikipiki inaanguka kwa sababu ya uoga. Ukienda polepole inaona unaogopa."

"Inaona na nini?"

"Wewe usiulize. Usiachilie gazi hata kama umeona mama yako."

Tukaondoka. Nakiri kwamba sauti ya mashine ilinishangaza, haikufanana kabisa na yangu. Tulipita barabara ya kando ya ziwa jua linateremka, kuku walitupisha, wachuuzi wa ndakala, dagaa wa ziwa letu, waliinua mabeseni yao. Kila nilipoyumba mwenzangu alipitisha mikono yake kwapani mwangu akakamata gidoni, yaani usukani, na tukawa watu wawili wenye maamuzi manne. Lakini tulikwenda. Nilikuwa naanza kujisikia mtu wa mradi wakati mwenzangu alipomwona kando ya njia mama mmoja kijana mwenye kitambaa cha manjano.

"Punguza kidogo," akasema.

Hakungojea nipunguze. Akaruka, akakimbia hatua chache kando yangu ili asianguke, na sauti yake ikanifikia kutoka nyuma: "Wewe zunguka tu, urudi."

Nikabaki peke yangu. Mbele yangu kulikuwa na biro ya Zone, ofisi ya Serikali ya wilaya, na mbele ya biro ule mzunguko wa barabara, na katikati ya mzunguko mlingoti wa bendera umezungushiwa maua mekundu. Nikaingia kwenye mzunguko kwa vitesi ya pili, nikiwa na nia ya kuumaliza na kurudi nilikotoka.

Firimbi ikalia.

Vijana wa siku hizi inabidi niwaeleze. Jioni bendera ikiteremshwa firimbi inapigwa, na popote ilipokufikia firimbi hiyo unaganda. Gari linasimama. Baiskeli inashukiwa. Mwenye mzigo kichwani anabaki na mzigo wake kichwani, mwenye kupiga chafya anaimeza. Kutembea wakati bendera inashuka kulikuwa kosa, na watu walilala mahabusu kwa ajili ya kukuna sikio. Ile firimbi ya Kalemie, mimi naamini kabisa, ilikuwa inasikika Kigoma, na huko pia kulikuwa na watu wa kwetu waliokuwa wanaganda.

Mji ukasimama. Mimi sikusimama.

Nilitafuta kichwani somo la kusimama. Nikapata historia ya gurudumu. Nikapata kona, nikapata ng'ombe, nikapata mkono wa mkwe usioachiliwa. Freni, yaani breki, zilikuwepo, shemeji alinionyesha kwa fimbo, lakini kwenye bekiyi zilikuwa kama mapambo. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye amri moja: usiachilie gazi. Kwa hiyo nikazunguka. Na nilipomaliza kuzunguka, nikazunguka tena.

Hakuna aliyeweza kunizuia, kwa kuwa kunizuia kungekuwa kutembea. Jandarmu, askari wa lindo, alikuwa ameinua mkono kwenye kofia na macho yake yalinifuata tu, yanaenda kushoto, yanapotea, yanarudi kulia. Mama mmoja na beseni lake la samaki. Nikampita. Karani wa Zone na kalamu. Nikampita. Mutawa mmoja mfupi amesimama kando ya pikipiki yake mwenyewe, kaske, ile kofia ngumu ya pikipiki, juu ya kitambaa cha kichwa. Nikampita. Kisha gari la mradi, na kando yake, mikono imenyooka juu ya mapaja, abakosi ya rangi ya majani makavu. Direkta. Yule aliyekuwa na desturi ya kutazama dirishani, siku hiyo alinitazama mimi. Nikampita, na nikampita tena, na kila nilipompita nilimwona amezeeka kidogo.

Bendera nayo ilikuwa imekwama. Kamba ilikuwa imejifunga juu kwenye gurudumu la mlingoti, na askari wawili walikuwa wanaivuta kwa heshima. Nikaona nisipofanya kitu nitaonekana mpinzani wa Serikali. Nikaanza kuimba wimbo wa taifa. Niliuimba kwa sauti kubwa, huku nazunguka, na bado niliona haitoshi. Basi nikapiga saluti.

Nilipiga kwa mkono wa kulia, kama ilivyo lazima. Na mkono wa kulia ndio wa gazi.

Pikipiki ikapungua, ikatetemeka kama mtu mwenye homa, ikakohoa, ikazima, na kwa adabu kubwa ikalala ndani ya maua chini ya mlingoti. Mimi nikalala pamoja nayo. Na kwa kuwa bendera ilikuwa bado haijafika chini, sikuinuka. Nililala vile vile chali, mkono kwenye kipaji, hadi firimbi ya pili.

Jandarmu alikuja polepole. Alikuwa na muda sasa.

"Kwa nini ulitembea wakati wa bendera?"

"Shefu, mimi sikutembea. Ilitembea pikipiki."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Juu yake."

Alifikiri. "Na kuimba?"

"Kuimba ni mimi."

Kuimba kuliniokoa na mahabusu. Lakini maua yalikuwa maua ya Zone, na nilihukumiwa salongo: kufyeka majani kuzunguka mlingoti na kupanda maua upya, kila mchana, hadi yatakaposimama yenyewe. Mwenzangu wa Bujumbura sikumwona kwa siku nyingi. Shemeji nilimrudishia pikipiki yenye gidoni iliyopinda. Aliizunguka, akavua miwani, akasema neno ambalo sitalisahau:

"Mimi nilikufundisha vizuri. Wewe ndiye umeharibu kwa kutoka nje."

Nyumbani mke wangu alinikandia bega kwa maji ya moto. Alisema tu kwamba kwenye bomba leo watu walikuwa wengi sana, akaona afadhali achote kisimani, ng'ambo kule. Nikajua.

Siku iliyofuata nilikuwa nimechuchumaa chini ya mlingoti na panga la kufyekea, gari la mradi likapita, likapunguza. Direkta akateremsha kioo.

"Sitwayen, jana ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa najifunza, Sitwayen Direkta."

"Inaonekana bado." Akatazama mbele. "Treni imetoka Kabalo."

Gari likaenda. Nikaendelea kufyeka, na kila jani nililolikata nililiona ni gunia.

Ndipo ikaja ile pikipiki nyingine, ikasimama kando yangu. Nasema ikasimama. Haikuteleza, haikukohoa, haikutafuta pa kuegemea. Ilikuwa inakwenda, halafu ilikuwa imesimama, na katikati sikuona kitu. Juu yake alikuwa yule mutawa mfupi. Alikuwa muuguzi mzalishaji, Mtabwa wa upande wa Moba, na viatu vyake vilikuwa viatu vya mwanaume.

"Wewe njo ule mutu wa bendera?"

"Njo mimi, Mama Mutawa."

"Nani alikufundisha?"

Nikamweleza yote, na kunguruma kwenyewe nikamwonyesha kidogo.

"Alikufundisha kusimama?"

"Mama, hatukufika kwenye somo lile."

Alicheka kwa pua. Akaniambia nije zahanati asubuhi baada ya misa, na nivae shati nisilolipenda. "Na usifikiri ni huruma," akaongeza. "Direkta akikupa ile pikipiki, kila juma utanibebea sanduku ya chanjo mpaka Niemba. Mimi mugongo umechoka."

Ningependa kusema kwamba mwalimu mzuri nilimtambua siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilidhani hanifundishi. Alinikabidhi pikipiki yake mashine imezimwa, akasema, "Sukuma," akaenda kukaa kibarazani kuchagua mawe kwenye maharage. Hakuwa na fimbo wala miwani. Nikasukuma kuzunguka zahanati. Nikarudi. "Sukuma," akasema, hakuinua kichwa. Pikipiki ile ikizimwa ilikuwa na uzito wa kiboko aliyekasirika. Kibarazani palikuwa na benchi la mama wajawazito wanaongojea kupimwa, na wao hawakuwa na maharage ya kuwashughulisha.

"Papa, unaipeleka wapi? Inaumwa nini?"

"Iache hapa, mama, itapimwa."

"Ina miezi mingapi?"

"Huyu njo baba yake. Tazama vile anavyotoka jasho."

Asubuhi nzima nilisukuma. Kesho yake nilisukuma, na nikaanza kuijua: inapotaka kuangukia, mahali ambapo kidole kimoja kinatosha kuizuia, na mahali ambapo ukishachelewa hata malaika wakisaidia ni bure. Kisha alinipandisha juu ya kile kilima kidogo nyuma ya zahanati. Bado hakuna mashine. Alichora mstari udongoni kwa kisigino.

"Teremka. Simama pale."

Nikasimama nimeupita mstari kwa shamba zima.

"Rudi juu."

Nikarudi juu kwa kusukuma, maana hakuna njia nyingine ya kurudi juu. Nikateremka. Nikasimama kabla ya mstari, nikaruka juu ya gidoni, nikaupita mstari peke yangu bila pikipiki.

"Ile ya mukono njo ya mbele, ile ya muguu njo ya nyuma," alisema kutoka kibarazani. "Zote mbili. Polepole. Kama unafunga mulango na mutoto amelala."

Maneno yake yote katika majuma yale yangeingia kwenye gazeti la kufungia karanga. Hakupiga kelele, hakunishika mikono. Mara nyingi hakunitazama, au ndivyo nilivyodhani, hadi nilipojaribu kudanganya kwa kuburuza kiatu chini badala ya kubana freni, na kutoka ndani ya chumba cha sindano, dirisha limefungwa, nikasikia, "Kiatu hicho nani atakununulia?"

Hakuwa mtakatifu, msinielewe vibaya. Aliringa. Alipenda kunionyesha kona yake moja ya kando ya jiko la watawa, kona ya madaha ambayo ilirusha udongo nyuma kama mkia wa jogoo, na siku moja alipiga kona hiyo juu ya kuku wa mama mkuu. Alishuka, akamtazama kuku, akanitazama mimi.

"Hukuona kitu."

"Sikuona, Mama."

Jioni ile nilitumiwa nyumbani bakuli la mchuzi limefunikwa vizuri.

Hata hivyo nilichoka. Treni ilikuwa inakaribia, watu walisema imeonekana Nyunzu, na mimi nilikuwa sijaiwasha ile mashine hata mara moja. Nikamuuliza, "Mama Mutawa, lini tutakwenda?"

"Unataka kwenda wapi?"

"Niemba."

"Utakwenda. Watu wengi wanakwenda Niemba." Akaendelea na maharage. "Mimi nashona wale walioshindwa kusimama."

Sikuuliza tena. Aliponipa ufunguo, asubuhi moja bila kutangaza, niliwasha, nikaenda, na kwenda kulikuwa kitu kidogo sana, kitu ambacho pikipiki inakijua yenyewe. Mimi nilikuwa na kazi ya kuizuia tu, na kazi hiyo nilikuwa naijua hadi kwenye magoti.

Treni ikafika. Sanduku likafunguliwa mbele ya biro ya mradi, pikipiki ikatoka nyekundu kama pilipili, na alasiri ile Direkta alivaa abakosi mpya na kupanda nyuma yangu. Springi za pikipiki zililia. Yule kijana wa diploma ya Serikali alikuwa pale pale kwenye benchi, pasi ile ile.

Hadi daraja la Lukuga tulikwenda kama chai inayomiminwa. Pale darajani Direkta alishuka, akaegemea ukingo, akatazama maji. Akaniuliza habari za samaki. Akaniuliza habari za mistari ya mpunga, nikamjibu kama nilivyosoma. Akatazama maji tena. Jua likaanza kuteremka, na mimi nikaanza kuelewa kwamba mtu huyu mpole hakuwa anatazama maji.

"Turudi," akasema mwishowe. "Pitia kwa Zone."

Barabara ya kuingilia kwenye ule mzunguko inapanda kidogo. Tulikuwa katikati ya mpando huo wakati firimbi ilipolia.

Mlango, mtoto amelala. Mkono na mguu, zote mbili. Nilihisi tumbo la Direkta likigusa mgongo wangu taratibu, kama mtu anayeegemea ukuta, na basi. Tulikuwa tumesimama. Mguu wangu mmoja chini, mashine inanong'ona. Mji wote umeganda na mimi nimeganda ndani yake, kama raia mwingine yeyote, na sijui kama nimewahi kujivunia kitu chochote kama nilivyojivunia kutofanya lolote pale.

Kisha kamba ikakwama.

Sasa, kusimama tambarare ni kitu kimoja. Kusimama kwenye mpando, na mkubwa mnene nyuma yako, na pikipiki inayotaka kurudi Lukuga kwa matako, ni salongo nyingine. Askari walivuta kamba. Vidole vyangu kwenye freni vilikufa kimoja kimoja. Jasho lilinitoka kwenye kope. Jandarmu wa lindo, yule yule, mkono kwenye kofia, alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayengojea senema. Nilikumbuka kile kilima cha zahanati na kisigino kinachochora mstari. Nyuma ya sikio langu, bila kutikisa midomo, Direkta akasema, "Usiimbe."

Sikuimba. Bendera ikashuka. Firimbi ya pili ikalia, nikaachia ambreyaji taratibu huku nalegeza freni, na tukaondoka bila kurudi nyuma hata unene wa jani. Mbele ya biro ya mradi Direkta alishuka, akapitisha ulimi mdomoni, akahesabu.

"Meno yapo," akasema. Akamgeukia yule kijana wa benchi. "Wewe kiti kipo ndani, biro inahitaji mutu. Lakini uingie kwa miguu."

Jumapili mke wangu alipika kwa ajili ya kartie nzima, na maji ya kupikia aliyachota bombani, akaenda mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Shemeji alikuja na glovu zake akawaeleza wageni kwamba mwanafunzi wake amekwenda mbali kwa sababu ya msingi mzuri. Mwenzangu wa Bujumbura alionekana tena, akala, akasema yeye ndiye aliyenitoa uoga. Niliwashukuru wote wawili mbele ya watu. Hakuna aliyebisha. Mama Mutawa hakuja. Alituma sanduku la chanjo, na ujumbe kwamba barafu haingojei sherehe, niondoke mapema.

Niliondoka mapema. Mradi ulikuwa umenipa pikipiki nyekundu, kaske, koti la mvua na heshima. Esansi walinipa ya kufikia nusu ya njia, nusu nyingine ilikuwa bado inaombwa Lubumbashi. Mbele ya kijiji kimoja mashine ikakohoa na kunyamaza. Nikashuka, nikafunga vizuri ile kamba ya sanduku, nikaweka kidole pale pale panapotosha, nikasukuma. Kando ya njia mama mmoja aliyekuwa analima aliinuka na jembe lake akanitazama napita.

"Papa, inaumwa nini?"

"Haiumwi, mama. Inapumzika."

Niemba nilifika jua halijapinda, na tulipofungua sanduku, barafu ilikuwa bado vipande.